Kabla Hujanunua Dawa Nyingine ya "PID": Mwongozo wa Kufuatilia Matatizo ya Kizazi, kwa Dada na Mama wa Nyanda za Juu Kusini

Pita Mwanjelwa, shuka stendi ya Makambako, au fungua tu status za WhatsApp: hukosi mtu anayeuza dawa ya kusafisha kizazi. Mwanamke anaumwa chini ya kitovu. Jirani anamwambia ni chango, duka la dawa linamwambia ni UTI sugu (maambukizi ya njia ya mkojo), kwenye chumba cha altrasaundi anaandikiwa PID (maambukizi ya kizazi na mirija), na mtandaoni anauziwa chupa tatu za mitishamba na "lulu" za kuweka ukeni. Anatibiwa mara nne kabla hajachunguzwa hata mara moja. Hatua zifuatazo zinageuza mpangilio huo: uchunguzi mbele, dawa nyuma.

Hatua ya 1: Dharura haina mwongozo

Ukiona mojawapo ya haya, tafuta usafiri saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na ukungu umeshuka:

- Umechelewa kuona siku zako, hata kwa wiki moja tu, kisha tumbo linauma upande mmoja, unapata kizunguzungu au ncha ya bega inauma bila sababu. Inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Mrija ukipasuka, damu humwagika ndani ya tumbo, na nje unaweza usione chochote au ukaona matone tu.
- Unalowanisha pedi nzima kila saa kwa saa mbili au zaidi, au ukisimama unaona giza.
- Maumivu makali ya ghafla upande mmoja pamoja na kutapika. Huenda kifuko cha mayai (ovari) kimejisokota, na kila saa inayopita inapunguza uwezekano wa kukiokoa.
- Homa na maumivu chini ya kitovu, hasa baada ya kujifungua au mimba kuharibika.
- Wewe ni mjamzito na unatokwa damu.

Kwa dharura za wajawazito na waliojifungua kuna namba 115 ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura, kupiga ni bure. Iandike kwenye simu yako na ya mumeo leo. Njiani usile, maana huenda ukahitaji upasuaji.

Hatua ya 2: Andika, usitegemee kumbukumbu

Kama si dharura, chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa. Kwa miezi miwili au mitatu andika tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi, idadi ya siku ambazo damu inatoka, pedi ngapi kwa siku, kama kuna mabonge, maumivu kwa kiwango cha sifuri hadi kumi, na dawa yoyote uliyomeza. Ongeza mambo mawili ambayo wengi huyaficha: damu baada ya tendo la ndoa, na maumivu wakati wa tendo.

Anayetumia vitambaa vya kanga ahesabu vitambaa. Kwa wanaochuma chai Mufindi au Rungwe, ambao kubadilisha saa za kazi ni shida, hesabu zile za nyumbani na uandike kama nguo ya nje ililowa.

Mzunguko wa kawaida, ukihesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi hii hadi siku ya kwanza ya inayofuata, ni kati ya siku 24 na 38, na damu haizidi siku 8. Kuna wa siku 26 mwezi huu na 30 mwezi ujao. Huo si ugonjwa. Mabonge makubwa kupita sarafu ya shilingi 500, kuamka usiku kubadilisha, au kuvaa pedi mbili kwa pamoja kila mwezi ni damu nyingi, hata kama mama yako na shangazi zako nao walikuwa hivyo.

Anayetumia sindano ya uzazi wa mpango au kijiti anaweza kukosa hedhi kabisa au kupata matonematone. Damu hairundikani tumboni. Utando wa kizazi unakuwa mwembamba tu, kwa hiyo hakuna cha kutoka. Nalisema hili kwa sababu maneno ya "damu chafu iliyoganda" ndiyo mtaji mkubwa wa wauza dawa za kusafisha.

Hatua ya 3: Anza karibu, lakini ujue pa kupanda

Zahanati na vituo vya afya vinaweza kupima ujauzito, mkojo, VVU, kaswende na wingi wa damu, na kutibu uchafu wa kawaida ukeni. Hapo utapata pia barua ya rufaa, ambayo wenye bima wasiisahau. Ukihitaji daktari wa magonjwa ya wanawake, panda hospitali kubwa. Jijini Mbeya kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda, pamoja na kitengo chake cha wazazi pale Meta. Iringa kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, na Tosamaganga nje kidogo ya mji. Watu wa Njombe wanazijua Ilembula, na pia Ikonda iliyoko Makete, na wa Mbarali wanaijua Chimala. Kabla hujapanda gari kutoka Ludewa au Kyela, piga simu uulize siku ya kliniki ya wanawake, maana si hospitali zote zina daktari huyo kila siku.

Nenda ukiwa umemaliza hedhi. Uchunguzi wa shingo ya kizazi unakuwa mgumu damu ikitoka, na altrasaundi ya uvimbe husomeka vizuri zaidi siku chache baada ya damu kukata. Siku mbili kabla usiweke kitu chochote ukeni, dawa wala maji ya ndimu. Lakini kama damu ndiyo ugonjwa wenyewe na haikati, usisubiri ikauke.

Hatua ya 4: Ndani ya chumba cha daktari

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Ukisema "tumbo linanisumbua" ukanyamaza, utatoka na dawa ya minyoo au ya vidonda vya tumbo, na daktari hatakuwa na kosa. Sema: "Naumwa hapa chini, upande wa kushoto, tangu mwezi wa nne, inazidi nikikutana na mume wangu." Weka daftari mezani. Kama Kiswahili cha hospitali kinakuwa kizito kwa bibi au mama mkwe, nenda naye umsaidie, ila mpe nafasi ya kubaki peke yake na mhudumu kwa dakika chache. Yapo mambo hatayasema mbele ya mkwe.

Uchunguzi unaostahili kuupata, kwa kawaida, ni huu. Kipimo cha mimba kwanza, kwa kila mwanamke anayeweza kushika mimba, hata aliyefunga uzazi. Kisha kubonyezwa tumbo. Kisha kuangaliwa kwa spekulamu, kile kifaa cha kufungulia uke, ili shingo ya kizazi ionekane kwa macho. Mwisho mhudumu anaingiza vidole viwili huku mkono mwingine ukibonyeza juu ya tumbo, kuona kama kizazi kimekua na kama kukisogeza kunauma. Una haki ya kuomba mhudumu wa kike, au muuguzi awepo chumbani. Vuta pumzi, legeza mapaja, haichukui muda.

Ukipewa dawa za "PID" bila mtu kukugusa hata tumbo, uliza kwa adabu: "Daktari, hutanichunguza kwanza?" Swali hilo limewaokolea wanawake pesa nyingi.

Hatua ya 5: Soma karatasi ya altrasaundi kwa tahadhari

Altrasaundi ya juu ya tumbo inahitaji kibofu kilichojaa. Ile ya kuingiza ukeni inahitaji kibofu kitupu. Mashine inaona maumbo: uvimbe, maji, mimba, kifuko kilichokua. Bakteria haiwaoni. Kwa hiyo karatasi ikisema kuna maji kidogo nyuma ya kizazi, halafu chini pameandikwa PID, usikimbilie duka la dawa. Maji kidogo pale ni jambo la kawaida kwa mwanamke anayepata hedhi, hasa yai linapotoka. PID, yaani maambukizi yaliyopanda hadi kwenye kizazi na mirija, hutambuliwa kwa mgonjwa mwenyewe: maumivu ya chini ya kitovu, na maumivu shingo ya kizazi inaposogezwa, mara nyingi na uchafu au homa. Altrasaundi husaidia ikionyesha usaha au mrija uliovimba, na maambukizi mepesi yanaweza yasionekane kabisa.

Vivyo hivyo na "UTI sugu". Seli chache za usaha kwenye mkojo uliochanganyika na ute wa ukeni hazitoshi kukutangaza mgonjwa. Jisafishe, acha mkojo wa mwanzo upite, kinga wa katikati. Kama umeshameza dawa mara mbili bila nafuu, omba mkojo uoteshwe maabara badala ya kupewa dawa ya tatu.

Neno lingine linaloshtua bure ni maji kwenye kifuko cha mayai. Kila mwezi yai hukua ndani ya kifuko chenye maji. Uvimbe wa maji matupu usiozidi sentimita 5, kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi na hana maumivu, mara nyingi huondoka wenyewe ndani ya mizunguko miwili au mitatu. Rudia kipimo kama ulivyoelekezwa. Kwa aliyekoma hedhi, au uvimbe wenye nyama ndani, mambo ni tofauti na daktari wa wanawake lazima auone.

Na karatasi ikisema kuna vifuko vingi vidogo vya maji kwenye ovari, hilo peke yake halitoshi kuitwa ugonjwa wa vifuko vingi (PCOS). Daktari hutafuta angalau mawili kati ya matatu: hedhi zinazoruka miezi, dalili za homoni za kiume kama ndevu na chunusi nyingi, na mwonekano huo wa altrasaundi. Mwenye nao husaidiwa kwa kupunguza uzito kama umezidi, vidonge vya kupanga mzunguko, na kama anatafuta mtoto, dawa za kuamsha mayai chini ya uangalizi.

Hatua ya 6: Dawa ifuate ugonjwa

*Uchafu ukeni.* Ute mweupe au wa kuvutika usio na harufu wala muwasho ni wa kawaida. Muwasho mkali na uchafu mweupe mzito kama maziwa mgando ni fangasi: dawa ya kuweka ukeni kama klotrimazoli, au kidonge kimoja cha flukonazoli cha miligramu 150 kwa asiye mjamzito. Fangasi wakirudi kila mara, pima sukari na VVU kabla ya kuongeza dawa. Harufu ya samaki na ute wa kijivu ni bakteria waliozidi: metronidazoli asubuhi na jioni kwa siku 7. Uchafu wa njano au kijani wenye povu huenda ni trikomona, na hapo mwenzi naye atibiwe. Kwenye karatasi ya metronidazoli wameandika uache pombe. Ulanzi na komoni nazo ni pombe, msijidanganye.

Sabuni, ndimu, kitunguu saumu, ugoro na kujifukiza ukeni huua bakteria wazuri wanaolinda uke. Osha nje kwa maji, basi. Ndani panajisafisha.

*PID ya kweli.* Matibabu ni ya dawa zaidi ya moja kwa pamoja: kwa kawaida sindano ya seftriaksoni, kisha doksisaiklini na metronidazoli kwa siku 14. Zote kumi na nne, hata kama siku ya nne umepona. Doksisaiklini mezea maji mengi ukiwa umekaa, si unapopanda kitandani. Mjamzito hapewi hiyo. Rudi ndani ya siku tatu kama hakuna nafuu. Na mwenzi uliyekutana naye ndani ya miezi miwili iliyopita anatibiwa pia, hata kama haumwi popote. Vinginevyo utaambukizwa tena na kuambiwa PID yako ni sugu. Ninaijua kauli ya "mume wangu hawezi kukubali". Omba karatasi ya kumwita mwenzi kituoni, ili maneno yatoke kwa mhudumu na yasionekane kuwa yako. Gharama ya kuacha ni kubwa: mirija ikiziba, mimba inakuwa ngumu, au inatunga nje.

*Chango, maumivu ya hedhi.* Ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8, pamoja na chakula, ukianza mara tu dalili zinapoanza au siku moja kabla kama unaijua tarehe yako. Ukisubiri hadi ukunjamane sakafuni, haifanyi kazi vizuri. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito asiitumie. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa inasaidia kweli, na kwa baridi ya Njombe mwezi wa saba inasaidia mara mbili. Binti anayekosa shule kila mwezi, au maumivu yanayozidi mwaka hadi mwaka, yanayouma haja kubwa ikitoka au wakati wa tendo, hayo si ya kuambiwa "ukizaa yataisha". Huenda ni endometriosisi, yaani tishu kama za utando wa kizazi kuota nje ya kizazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa inawapata takriban asilimia 10 ya wanawake wa umri wa kuzaa.

*Damu nyingi na uvimbe.* Pima wingi wa damu kwanza. Chini ya gramu 12 kwa desilita kwa asiye mjamzito ni upungufu. Vidonge vya madini ya chuma vinywe na maji, au juisi ya chungwa au limao. Chai inazuia chuma kuingia mwilini, na hapa kwetu chai ndiyo kifungua kinywa. Acha saa moja hadi mbili katikati. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Endelea kwa miezi mitatu hivi baada ya damu kupanda, ili akiba nayo ijae.

Uvimbe wa kizazi, ule unaoitwa fibroidi, si saratani, na ni nadra sana kugeuka saratani. Hulishwa na homoni, ndiyo maana hunywea baada ya kukoma hedhi. Usiokusumbua hauhitaji kukatwa, hata ukiwa na vitano, unafuatiliwa. Unaotoa damu unaweza kutulizwa kwa traneksamiki siku za damu nyingi tu (si kwa aliyewahi kupata damu kuganda kwenye mishipa), au kitanzi chenye homoni pale kinapopatikana na kizazi kikiwa hakijapinda sana. Kuna upasuaji wa kutoa uvimbe na kuacha kizazi, na kuna wa kutoa kizazi chote. Kabla ya kutia saini uliza: Uvimbe uko sehemu gani? Kizazi kitabaki? Unaweza kurudi? Nikishika mimba baadaye nitahitaji kujifungulia hospitali kwa upasuaji? Nani wa familia atachangia damu? Hakuna mti ninaoujua wenye ushahidi wa kuyeyusha fibroidi, ingawa kila mnada una mzee anayeuuza.

Damu inayotokea mwaka mmoja au zaidi baada ya kukoma hedhi, hata tone, haisubiri mwezi ujao. Bibi asiambiwe "umerudi usichana". Apelekwe.

Hatua ya 7: Shingo ya kizazi, hata kama huumwi

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Saratani ya shingo ya kizazi husababishwa na kirusi cha HPV, na huchukua miaka mingi kujijenga, mara nyingi 10 hadi 20. Kwa mwanamke mwenye VVU asiyetibiwa inaweza kuwa nusu ya hapo. Njombe, Iringa na Mbeya zimekuwa kati ya mikoa yenye maambukizi makubwa zaidi ya VVU nchini. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 uliiweka Njombe juu kabisa, asilimia 12.7 ya watu wazima. Kwa hiyo kama unachukua dawa CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU), usiondoke bila kuuliza: "Shingo ya kizazi nimepimwa lini?" Wewe unaanza mapema na kurudia mara nyingi zaidi. Wengine waanze miaka 30.

Kipimo kinachopatikana vituo vingi, hasa kwenye kliniki ya mama na mtoto, ni cha siki. Shingo ya kizazi inapakwa siki nyepesi, inasubiriwa dakika moja, na sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe. Doa dogo mara nyingi linatibiwa palepale kwa kuunguzwa au kugandishwa, bila kulazwa. Baadaye utatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, na mwezi mmoja hakuna tendo; mweleze mume kabla, si usiku huo. Doa kubwa au kidonda linatolewa kinyama na kupelekwa maabara. Majibu yakiwa saratani inayohitaji mionzi, rufaa ya kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, ianze kufuatiliwa wiki hiyohiyo.

Binti wa miaka 9 hadi 14 anachanjwa HPV. Chanjo iliingia nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja. Haizuii kuzaa.

Hatua ya 8: Kama kinachotafutwa ni mtoto

Mkikutana mara kwa mara mwaka mzima bila kinga na mimba haijaingia, nendeni mkapimwe. Kama mke amefika miaka 35, subirini miezi sita tu. Nimesema nendeni, wawili. Mwanamume ana mchango katika karibu nusu ya matatizo haya, na kipimo chake ni rahisi kuliko chochote tutakachomfanyia mke. Akae bila tendo siku mbili hadi saba, akinge mbegu zote kwenye kikopo safi cha maabara bila mate wala mafuta wala kondomu, na zifike ndani ya saa moja. Asubuhi ya baridi ya Mafinga au Uyole kikopo kisiwekwe kwenye mfuko unaoning'inia kwenye pikipiki, kwa sababu mbegu zikipoa zinapunguza mwendo na majibu yatadanganya. Akiweke ndani ya shati, karibu na mwili, hadi dirisha la maabara.